Vitu, Pesa, Mikono au Paa: Jamii Iisaidie Vipi Jamii Nyingine Baada ya Maafa?

Mafuriko yakishapita au ardhi ikishatulia baada ya tetemeko, watu wa mji jirani, wa msikiti au kanisa fulani, wa kiwanda au wa chama cha wanafunzi hukutana na kuulizana: tupeleke nini? Swali lenyewe limeshaegemea upande. Anayeuliza hivyo keshaamua kwamba msaada ni mzigo wa kupakia kwenye lori. Njia ziko nne: kutoa vitu, kutoa pesa, kutoa nguvu za mikono, na kuwapokea waliopoteza nyumba. Hazifai kwa wakati mmoja, wala hazimfai kila mtoaji.

Nitazilinganisha kwa maswali matatu. Msaada unafika lini? Nani anachagua kitakachotolewa? Na mpokeaji anaachiwa kazi gani baada ya mtoaji kupiga picha na kuondoka? Swali la tatu ndilo watu hulisahau, nami nalipa uzito kuliko yote.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kama mko mbali, anzeni na pesa mpaka mwenyeji awaambie vinginevyo. Kama mko jirani, mikono na paa. Vitu viende vikiitwa.

Mikono

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe, Japani, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Makadirio yanayotajwa sana nchini humo yanasema kati ya watu wapatao 35,000 waliofukiwa au kunaswa, kama 27,000 walitolewa na jamaa na majirani zao. Zimamoto, polisi na jeshi waliwatoa kama 8,000. Sasa linganisha na Haiti mwaka 2010, ambako vikosi vya kimataifa vya uokoaji, pamoja na mbwa na mitambo yao, viliwatoa watu hai wapatao 130 tu. Si kwamba vilizembea. Ndege huchukua muda, na aliye chini ya kifusi hana muda huo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo kikundi kilicho umbali wa siku mbili za safari kisijidanganye kwamba kinakwenda kuokoa. Kinakwenda kusafisha, kubeba na kujenga, na hiyo ni kazi ya heshima kubwa. Waliopo umbali wa saa chache ndio wenye nafasi ya kuokoa, tena wakiwa na chombo na ujuzi wao wenyewe. Agosti 2018, mafuriko yalipolikumba jimbo la Kerala, India, wavuvi wa pwani walipakia mashua zao kwenye malori wakazipeleka bara, kwenye mitaa iliyogeuka mito. Hawakusubiri kufundishwa kusoma maji, maana ndiyo kazi yao ya kila siku. Kuna video iliyosambaa ikimwonyesha mmoja wa waokoaji hao ameinama majini kwa magoti na mikono, akina mama wanakanyaga mgongo wake mmoja baada ya mwingine na kupanda boti. Wamewaokoa maelfu kwa namna hiyo.

Mikono isiyo na ujuzi ni habari nyingine. Baada ya tetemeko la Mexico City la 19 Septemba 1985, watu wa kawaida waliingia vifusini kwa mikono mitupu. Inakadiriwa waliwaokoa watu wapatao 800, na karibu 100 kati ya waokoaji wenyewe wakapoteza maisha. Funzo hilo lilichukuliwa na zimamoto wa Los Angeles, wakaanza kuwafundisha raia mambo machache ya msingi: kuzima moto mdogo, kufunga jeraha, kutambua jengo lisilofaa kuingiwa. Wamexico nao waliendelea kujinoa. Tetemeko lingine lilipowapiga tarehe ileile, 19 Septemba, mwaka 2017, mamia ya watu walikuwa wakipokezana ndoo za kifusi, kisha mmoja anainua ngumi juu. Wanaomwona nao wanainua ngumi, jenereta inazimwa, mtaa mzima unanyamaza kusikiliza kama kuna sauti chini ya zege. Ngumi zikishuka, ndoo zinaanza kutembea tena. Nidhamu ya namna hiyo haipatikani kwa kumwaga watu tu kutoka kwenye basi.

Kwa kazi za baada ya uokoaji, mfano ninaoupenda ni wa Christchurch, New Zealand. Matetemeko ya Septemba 2010 na Februari 2011 yalilainisha ardhi, na tope la kijivu likafoka kutoka chini na kujaa nyuani. Wanafunzi wa chuo kikuu walijipanga kwa maelfu kupitia mitandao ya kijamii, wakapangiwa mitaa, wakatoka na mabeleshi na matoroli. Angalia walivyochagua kazi: mtambo mkubwa unaweza kuzoa tope la barabarani, lakini hauwezi kupita kwenye kichochoro cha nyumba ya bibi kizee. Wanafunzi walilitoa tope uani wakalirundika barabarani, mtambo ukalichukua hapo. Walifanya kile tu ambacho mashine ilishindwa.

Upande wa pili ni Noto, Japani, baada ya tetemeko la 1 Januari 2024. Barabara za rasi ile zilikuwa zimekatika, na mamlaka za mkoa ziliwaomba watu wa kujitolea wasije kwanza. Hii ni katika nchi iliyozoea sana watu wa kujitolea na iliyo na vituo maalumu vya kuwapangia kazi. Kama huko waliambiwa wasubiri, na ninyi mnaweza kuambiwa hivyo bila kununa.

Kipimo cha mikono ni hiki: mnaweza kula, kunywa, kulala na kujisaidia bila kumwomba mwenyeji chochote? Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Vijana 40 wakikaa siku tatu kwa kiwango hicho ni lita 1,800. Msipokwenda nazo, mtazitoa kwa nani? Na kabla ya kukodi basi, mweka hazina apige hesabu ya nauli kwenda na kurudi, kisha aulize kama fedha hiyo isingewalipa wenyeji waliokosa kibarua wafanye kazi ileile kwenye mitaa yao.

Vitu

Hapa ndipo moyo mwema unapoleta usumbufu mwingi zaidi. Baada ya tetemeko la Armenia la 1988 zilitumwa tani zipatazo 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Watu 50 walihitaji miezi sita kuzipanga na kuzitambua. Asilimia 8 zilikuwa zimeshapita muda wake zilipofika, na asilimia 4 zikaharibiwa na baridi. Katika zilizobaki, ni asilimia 30 tu zilizotambulika kwa urahisi, kwa kuwa nyingine ziliandikwa kwa lugha zisizosomeka pale. Mambo kama hayo ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani litoe mwongozo mwaka 1996, ukitaka dawa za msaada ziwe zimeombwa, ziandikwe kwa lugha inayoeleweka na mpokeaji, na zikifika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Nguo ni hivyohivyo, ila hazina mwongozo wa kuzizuia. Indonesia, baada ya tsunami ya 2004, malundo ya mitumba yalikaa ufukweni hadi yakaoza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyachambua. Fikiria boksi moja lililochanganywa: kiatu kimoja cha kushoto, sare ya shule isiyotambulika ya wapi, chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha kufunguliwa, na chini kabisa mablanketi mawili mazuri yanayohitajika leo hii. Ili kuyafikia mablanketi hayo, mtu lazima alipekue boksi lote. Zidisha kwa maboksi elfu, na kumbuka anayepekua ni mama aliyepoteza nyumba juzi, au mhudumu wa zahanati aliyepaswa kuwa na wagonjwa. Kwenye swali langu la tatu, vitu hushika mkia.

Kwenye swali la pili navyo havifanyi vizuri, maana mtoaji huchagua kutoka kabatini mwake. Tena vitu vya bure vikimwagwa mahali ambapo maduka yamefunguliwa, mwenye duka aliyenusurika anakosa mteja.

Hata hivyo kuna nyakati vitu ndivyo vinavyotakiwa. Soko likiwa limesombwa na barabara imekatika, pesa mfukoni hainunui kitu. Jirani aliye umbali wa saa mbili akiwahi na maji safi, maturubai na mablanketi usiku wa kwanza, hakuna njia nyingine itakayomshinda. Na viko vitu ambavyo waandaaji husahau karibu kila mara: taulo za kike, nepi, betri na chaja za simu, miwani, magongo ya kutembelea.

Mbinu bora ya kutoa vitu niijuayo ilitumiwa New York baada ya kimbunga Sandy, Oktoba 2012. Kundi la kujitolea la Occupy Sandy lilifungua orodha ya zawadi za harusi kwenye duka la mtandaoni, ila badala ya masufuria na mashuka ya bibi harusi wakaorodhesha tochi, vifaa vya usafi na pampu za maji. Mchangiaji ananunua kilichoorodheshwa, kinafika kipya, kikishatosha kinaondoka kwenye orodha. Uchaguzi umerudi kwa aliyeko kwenye tope. Huhitaji duka la mtandaoni kuiga jambo hili. Karatasi moja inayosasishwa kila jioni na mtu mmoja aliyeko huko inatosha, mradi wote wakubali kuifuata. Na kila boksi libebe aina moja ya kitu, liandikwe nje kwa herufi kubwa.

Pesa

Pesa husafiri haraka, hazihitaji ghala, na mpokeaji ndiye anayechagua. Mmoja atanunua bati, mwingine atalipa deni la hospitali, wa tatu atanunua mbegu kabla msimu haujampita. Hakuna kamati ya mbali ingeyabashiri hayo.

Uchangishaji wa simu umelifanya jambo hili kuwa la kila mtu. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika, kampeni ya Kenyans for Kenya (Wakenya kwa ajili ya Kenya) ililenga shilingi za Kenya milioni 500 katika mwezi mmoja, na lengo hilo likavukwa. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watu waliotuma kidogo kidogo kutoka kwenye simu zao.

Pingamizi la kwanza huwa lilelile: watazinywea pombe. Benki ya Dunia ilipitia tafiti kutoka nchi mbalimbali kuhusu familia maskini zinazopewa fedha taslimu, na haikukuta ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Hofu hii ingestahili kustaafu.

Zipo hofu zenye mashiko zaidi. Bidhaa zikiwa chache, fedha nyingi zikiingia ghafla bei hupanda. Mtandao wa simu ukianguka au wakala akiishiwa, ujumbe wa kupokea pesa unabaki maandishi. Na daima kuna wanaoachwa nje ya orodha. Mafuriko ya Pakistan ya 2010 yaliwagusa watu wapatao milioni 20, serikali ikazigawia familia kadi za fedha. Zilisaidia wengi, lakini mpango uliotegemea kitambulisho na mkuu wa kaya uliwapa shida wajane na wanawake wasio na vitambulisho. Simu ya familia ikiwa mkononi mwa baba, pesa za familia ni za baba. Muulize mtu wa huko kabla hujabonyeza kutuma.

Uamuzi mgumu ni kupitia kwa nani, na hapa pana ulinganisho ndani ya ulinganisho.

Kumtumia mtu mmoja mmoja moja kwa moja ni haraka kuliko yote, ila utamsaidia unayemjua, na unayemjua mara nyingi ndiye mwenye ndugu wengine pia wa kumtumia. Asiyejulikana na mtu anakosa mara mbili.

Shirika kubwa lina mahesabu yanayokaguliwa, lina wataalamu, na kwa mambo kama maji safi na kuzuia kipindupindu sioni mbadala wake. Udhaifu wake ni ngazi nyingi kati ya mchango na mlengwa. Mashirika yenyewe yanalijua hili. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura iwafikie watendaji wa nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka ukafika, lengo halikufika.

Kamati ya mtaa au kijiji kilichoathirika inajua nani ni mpangaji, nani analea yatima, nani kitandani hajainuka miaka miwili. Hatari yake nayo inajulikana: shemeji wa mwenyekiti kuwa wa kwanza, na wapangaji kusahaulika kwa sababu orodha ilitengenezwa kwa majina ya wenye nyumba. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Orodha ya wanaopokea isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa hadhara kabla ya senti kutoka, na kila aliyeachwa apewe nafasi ya kusimama. Kamati ikikataa sharti hilo, nendeni kwa shirika. Ikikubali, mimi ningeipa kamati sehemu kubwa zaidi.

Paa

Njia hii haihesabiwi kwenye matangazo, lakini ndiyo inayobeba watu wengi kimyakimya. Baada ya tetemeko la Haiti, takwimu za simu za mkononi zilionyesha watu kama 600,000 wakitoka jiji la Port-au-Prince kwenda mikoani katika wiki chache, wengi wao kwa jamaa. Macho ya dunia yalibaki jijini penye kambi. Familia za mikoani, ambazo hazikuporomokewa na hata tofali moja, zilijikuta zinalisha mara mbili ya watu wao.

Paa huwahi, huwapa watu staha na usingizi ambao kambi haitoi, na mtoto anaweza kuingia shule ya pale mapema. Gharama yake hujificha. Wiki ya kwanza kila mtu ni mgeni, ya tatu mwenyeji anaanza kuhesabu ndoo za maji, na hakuna anayethubutu kulitamka. Kama jamii yenu inapokea watu, mfuko wa msaada uwahusu wenyeji pia: fungu la kila mwezi kwa nyumba iliyopokea, na tarehe ya kukaa pamoja kuzungumza hatua inayofuata, iliyopangwa tangu siku ya kwanza ili isionekane kama kufukuzana. Zungumzeni na shule na zahanati mapema. Kwa kundi lililo mbali, kuwasaidia wenyeji ni nafasi nzuri sana ambayo karibu hakuna anayeigombea.

Onyo moja lisilo na mjadala: mtoto aliyepotezana na wazazi apelekwe kuandikishwa kwa mamlaka na abaki karibu na alikopotea. Januari 2010 kundi la Wamarekani lilikamatwa likijaribu kuwavusha watoto 33 kutoka Haiti kwenda Jamhuri ya Dominika. Ikaja kubainika wengi wao walikuwa na wazazi hai.

Na mkiwa bado mna muda

Ulinganisho huu wote unakwenda vizuri zaidi ukifanywa kabla ya janga. Mji wa Tono, ulioko bara katika mkoa wa Iwate, Japani, ulijua kwamba siku moja bahari itaipiga miji ya pwani jirani. Ukafanya mazoezi ya kuwa kituo cha misaada miaka kadhaa kabla. Tsunami ya 11 Machi 2011 ilipokuja, malori, waokoaji na watu wa kujitolea walipitia hapo, wakalala hapo, na miji ya pwani haikulemewa na kazi ya kuwapokea.

Bangladesh ni mfano mwingine. Kimbunga cha Bhola cha 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Nchi ikajenga mtandao wa watu wa kujitolea vijijini, ambao sasa wanazidi 70,000, wenye vipaza sauti, bendera na baiskeli, wanaopita nyumba kwa nyumba kuwahamisha watu. Vimbunga vikali vya miaka ya karibuni vimeua sehemu ndogo sana ya idadi ile.

Ninyi mko kundi gani?

Mko ndani ya saa chache na mna chombo au ujuzi: nendeni sasa, chini ya amri ya anayeongoza uokoaji. Mko ndani ya saa chache na hamna ujuzi: fungueni nyumba, pelekeni maji na mablanketi usiku huu, mabeleshi yaje baada ya wiki.

Mko mbali na mna mtu mnayemwamini kule: pesa kwa kamati, kwa sharti la orodha kusomwa hadharani. Mko mbali na hammjui mtu: shirika linalofanya kazi pale tangu kabla ya janga, si lililoanzishwa jana. Mmeshakusanya nguo kwa sababu watu hawakusubiri kuambiwa? Ziuzeni hapohapo mlipo, mtume fedha.

Kabla ya lolote, pigeni simu moja kwa aliyeko huko, mumpe mtu mmoja tu kazi hiyo ili mwenyeji asijibu maswali yaleyale kwa watu 20. Aulizwe: maduka yamefunguliwa? Mtandao wa simu upo na mawakala wana fedha? Barabara inapitika kwa gari la aina gani? Mnatusubiri au tutawaongezea mzigo? Nani hajafikiwa mpaka leo?

Na msitume pesa zote mara moja. Tengeni theluthi moja, iandikwe kwenye daftari mbele ya wote kwamba haiguswi mpaka mwezi wa tatu baada ya janga, wakati maturubai yameanza kuchanika, kamera zimehamia kwingine na malori hayaonekani tena. Mwezi huo mpigieni simu mtu yuleyule, mumuulize upya.